Kibodi ya Shemeji Yako

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na mgongo umeacha kukusumbua. Sisi huku afya tunazo. Kinachoniuma ni roho, ndiyo maana nakuandikia.

Shemeji yako, badala ya kutengeneza mashine za chapa za watu, ameshikwa na jambo moja tu: kwa nini herufi za kibodi zimekaa shaghalabaghala. Anasema mashine za mwanzo zilifuata A, B, C, lakini vyuma vya herufi vikawa vinagongana na kukwama, basi zikatawanywa. Wengine wanabisha, wanasema zilipangwa kuwarahisishia kazi wapokeaji wa telegramu. Vyovyote iwavyo, Kiswahili hakikufikiriwa. Q, ambayo hatuna kazi nayo, imepewa kiti cha mbele. Sasa anaunda kibodi yetu wenyewe.

Ningefurahi, dada, kama msaidizi wake asingekuwa yule mwalimu wa kike wa lugha mwenye kicheko cha kusikika mtaa wa pili. Kila jioni wako karakana, vichwa vimekaribiana juu ya vitufe. Mimi niliyezeekea kwenye kupiga chapa mahakamani, kazi yangu kuwapelekea chai! Nikiuliza, naambiwa vidole vyangu vimeshazoea vibaya.

Ijumaa nikachoka. Nikawaambia tushindane: mimi na mashine yangu kuukuu, bibie na kibodi yao, ukurasa mmoja. Nilimaliza yeye akiwa bado katikati, tena bila kosa. Nikageuka nipongezwe. Shemeji yako alikuwa amemwinamia bibie, anamuuliza kwa upole ni herufi gani iliyomsumbua. Nikatoka wasije wakaona machozi.

Hili sikuwahi kumwambia mtu: mimi inanitesa A. Lugha yetu imejaa A, na zote zinaangukia kidole kidogo cha kushoto. Changu kimeanza kufa ganzi. Nilishinda kwa maumivu, dada, na hakuna aliyewahi kuniuliza.

Jana nikamwambia shemeji yako, kwa hasira, nikiwa nimeshika sahani. Akakichukua kile kidole, akakikandakanda mpaka chakula kikapoa. Akasema leo niende karakana, A ataihamisha mimi nikiwepo. Nitakwenda. Ila nimemwambia wazi, bibie asikanyage.

Nisalimie wanao wote, na mama mkwe wako mpe pole ya mguu. Nijibu upesi, hata kama ni kunigombeza.

Ni mimi mdogo wako,
kitindamimba wa mama