Mvumo Wako Niliompa Muuaji

Mpendwa mdogo wangu Athumani,

Niko chumbani kwetu mtaani Langoni, kisiwani Amu. Madirisha nimeyafunga, kama tulivyokuwa tukiyafunga baada ya sala ya alasiri ili tupate kutazama filamu. Za mapigano hukuzipenda. Ulitaka zile za watu wanaoharibikiwa akilini polepole: mume anayemshuku mkewe, mpangaji anayesikia hatua kwenye chumba kitupu. Katikati ya filamu ulikuwa ukiweka mkono mbele ya kioo cha kompyuta, unaniambia nisitazame, nisikilize tu.

"Ukiondoa muziki, Dada," ulisema siku moja, "ni mtu tu anapanda ngazi."

Ulikuwa na miaka kumi na sita. Mimi nilikuwa napiga kinanda kwenye taarabu za harusi na kujidai najua muziki. Wewe hukuwahi kushika ala yoyote, lakini ndiwe uliyenionyesha kwamba besi zikianza kunguruma chini kabisa mtu mbaya yuko karibu, hata kama hajaonekana, na kwamba fidla zikinyamaza ghafla ndipo pa kuogopa zaidi. Nilipokwenda Nairobi kusomea utunzi, watu walisema nafuata ndoto yangu. Ilikuwa yako vilevile.

Maradhi yalikushika nikiwa huko. Ulikuwa ukitandika vitanda kwenye nyumba ya wageni kijijini Shela, na siku moja ukarudi Amu kwa miguu ukasema kuta za vyumba zinakuita jina. Mama alikuwa ameshafariki. Nikarudi, nikakupeleka hospitali, nikamwita na mwalimu aje akusomee Kurani. Dawa zilisaidia, ila zilikulegeza. Siku mbaya zilipokuja ulikaa kwenye daka, pale kwenye benchi la mawe mlangoni kwetu, ukivumisha mdomo umeufunga. Sauti nne tu. Ulizirudia na kuzirudia mpaka mabega yakalainika na ukasinzia. Nilikaa kando yako nimekushika mkono, na Mungu anisamehe, nilikuwa nikizinakili kichwani.

Miaka mitatu baadaye, nikiwa nimesharudi Nairobi, nikapewa filamu yangu ya kwanza kubwa. Ilimhusu fundi wa saa, mtu mpole, anayewaua majirani zake na asikumbuke. Mwongozaji, bwana mmoja wa bara mwenye subira, alitaka okestra kamili. Alitaka watazamaji waisikie akili ikivunjika kabla hawajaiona. Wiki mbili sikupata kitu. Ya tatu nikakukumbuka umekaa kwenye daka.

Nilizipa fidla sauti zako nne. Wapigaji kumi na wawili, taratibu mno, pinde zikizigusa nyuzi kama zinazoogopa, na chini yake chelo, zile fidla kubwa za sauti nzito, zikivuta noti moja bila kupumua. Ile sauti ya nne niliipandisha nikaiacha ikining'inia juu, ili msikilizaji asipate pa kupumzikia. Tulipomaliza kurekodi, mwongozaji alivua visikizi vya masikioni akasema, "Hiyo ndiyo sauti ya mwendawazimu." Nilifurahi, Athumani. Sitaki kukuficha hilo. Nilifurahi sana.

Lau ningekomea hapo, labda. Lakini filamu ilipendwa, nikaulizwa redioni lile wazo lilitoka wapi, nami nikajibu kwamba nilimsikia ndugu yangu mgonjwa, huko kwetu Amu. Jina sikulitaja. Kana kwamba Amu kuna mtu asiyemjua ndugu yangu.

Nilikuja kuambiwa kwamba vijana wa pale gatini walikuwa wakikuvumishia zile sauti za filamu ukipita, na mmoja akijifanya anakimbia kuokoa roho yake. Ukaitafuta filamu, ukaitazama peke yako, kisha ukanipigia simu. Hukugomba. Uliuliza kwa sauti ya chini:

"Dada, yule ni mimi?"

Jibu lilipaswa kuwa hapana. Neno moja tu. Mimi nilikwambia, "Lakini hiyo ni filamu tu." Ukaniombea heri katika kazi yangu, ukakata.

Mwezi ule ule ulihamia kijijini Mbwajumali, ng'ambo ya maji, kwa Shangazi Mwanakombo, umsaidie shambani. Simu zangu hukuzipokea tena. Nilimwambia Shangazi nitakuja mwenyewe kukuomba radhi nikimaliza filamu ya pili. Ikaja ya tatu. Kisha homa ikakushika siku ya Jumatatu, na Alhamisi ukafariki. Nilipofika kwa boti kesho yake ulikuwa umeshazikwa.

Shangazi alinipokea mlangoni. "Umekuya, mwanangu," alisema, bila lawama yoyote. Tulipokaa mkekani nikamwuliza kama ulikuwa ukinitaja. Akasema ulikuwa ukiitazama ile filamu kwenye simu, ukirejea kila mara pale penye fidla. Alidhani unajiumiza, akataka kukunyang'anya simu, nawe ukamwambia huna hasira. Kisha akanipa maneno yako, taratibu, kama aliyekuwa ameyahifadhi kwa ajili yangu.

"Dada amekosea ile ya mwisho. Yeye ameipandisha. Mimi huishusha, ndipo kelele hunyamaza."

Miaka yote ile niliamini kwamba mvumo wako ni maradhi yakisema. Kumbe ulikuwa ukijibembeleza. Kelele zilikujaa kichwani, nawe ukatafuta peke yako sauti nne za kuzituliza, ukazipata. Mimi niliyesomea haya mambo nilikaa karibu nawe kiasi cha kusikia pumzi zako, na sikufahamu.

Nilimpigia mwongozaji simu nikamwomba tubadilishe noti ile moja. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanipa pole ya kweli, akasema filamu imeshauzwa nchi nyingi na haiguswi tena. Itabaki hivyo.

Siku ya kuondoka Mbwajumali, nikiwa nimeshafunga mkoba, Shangazi aliniita chumbani kwake. Alisema chumba chako kilikuwa upande wa pili wa ukuta, na kwa miaka miwili amekuwa akilala mchana kwa kukusikiliza wewe. Tangu uondoke usingizi umempotea. Kwa kuwa mimi ni mtu wa muziki, akaniomba nimvumishie kidogo, vile ulivyokuwa ukifanya.

Alijilaza, akafumba macho. Nikakaa kitandani pake nikaanza. Ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ya nne ikapanda. Nikarudia, ikapanda tena. Ile yangu nimeisikia mara nyingi mno, Athumani, na yako imenitoka.

Shangazi alifumbua macho akaniwekea mkono gotini. "Si hiyo, mwanangu," akasema. "Basi, wacha."

Mungu akurehemu, akupe utulivu niliokunyima.

Ni mimi, dadako wa tumbo moja.