Vita vya Marekani Kwenye Shuka la Gudele

Gudele, Juba

Mke wangu mpenzi, Mama Neema,

Kwa heshima zote, na ikiwezekana uwe umekaa, nakutangazia rasmi kwamba mumeo amepata kiti. Si cheo, ni kiti: cha plastiki, cheupe, mguu mmoja umefungwa waya. Kiko kando ya mlango wa choo katika hoteli anakofanya kazi Wanjala, yule kijana wetu wa Bungoma anayekaa mapokezi. Hapo ndipo mtandao wa hoteli unaposhika vizuri bila mtu kulazimika kununua soda. Meneja ameagiza nisisumbuliwe. Hata wanaokwenda chooni sasa hunisalimu kama askari wa zamu.

Baada ya tangazo hilo, hamjambo hapo nyumbani? Kikohozi cha Neema kimeisha, au bado mnampa limau na kumtishia sindano? Ng'ombe je? Na mama? (Nimemtaja mama baada ya ng'ombe, hapo usimsomee.) Mimi ni mzima, ila nimechoka, ule uchovu ambao ukienda kulala unaukuta umeshalala upande wako wa kitanda.

Najua unasoma mbiombio ukitafuta jambo moja tu: Krismasi nakuja au siji. Umeniambia Neema ameshanitengea kiti mezani na hataki mtu akikalie. Nitafika hapo. Kwanza nikueleze kazi.

Unakumbuka nililetwa huku kutengeneza kompyuta za shule. Cheti cha ualimu sina, na hakuna aliyewahi kuniuliza kwa sauti. Lakini Madam Poni, mwenye shule, alikaa ukimbizini Uganda akarudi na biashara kichwani. Aliwaahidi wazazi kwamba watoto watafanya mtihani wa Kimarekani, kwa sababu kila nyumba hapa ina mjomba Marekani, na kila mjomba ameahidi kumvuta mtoto mmoja. Vitabu vya historia havikuja. Mwalimu aliyeajiriwa kuifundisha aliiona shule akarudi Kampala. Nikabaki mimi, kwa kuwa nilijua maktaba za Marekani zimeweka mtandaoni ramani, picha na barua za zamani, bure kwa yeyote mwenye mtandao. Shule haina mtandao. Ndiyo maana ya kiti.

Basi masomo yakiisha napanda boda hadi hotelini, nakaa pale mlangoni, najifundisha Marekani, napakua nitakachofundisha kesho. Wanjala akipita ananiuliza, "Mwalimu, Marekani wameamkaje?" Asubuhi natundika shuka ukutani, tunawasha jenereta na projekta, na Marekani inatokea shukani, ikiwa na kiraka katikati.

Mwezi uliopita Madam aliniita. "Ustaz," alisema, maana huku kila mwalimu ni ustaz, hata fundi, "wazazi wanakuja kuona somo lako. Wakipenda, nakupa mkataba na likizo yenye tikiti. Wasipopenda, Desemba uende nyumbani, na usirudi. Khalas." Khalas maana yake maneno yamekwisha.

Nikachagua vita vya Wamarekani vya wenyewe kwa wenyewe, nikijua vita huamsha hata mzazi aliyesinzia. Nilipakua ramani, bendera, picha za askari, na kurasa zinazoeleza kwa nini walipigana. Umeme wa hoteli ukakatika kurasa za mwisho zikiwa bado zinashuka. Picha zilikuwa zimeingia, maelezo hayakuingia. Sikukagua. Nilikuwa namtazama meneja kama amenuna.

Siku yenyewe wazazi walikaa nyuma. Katikati yao alikuwa Mzee Lado, mwenyekiti wao, fimbo mapajani. Ana binti Marekani, na humtaja kabla ya kukuambia jina lake mwenyewe. Nikafungua ramani, Kaskazini rangi ya buluu, Kusini kijivu. Nikasema, "Watu wa Kusini walitaka kujitenga na Kaskazini, wawe na nchi yao na bendera yao."

Sikwenda mbali. Darasa zima lilisimama. Makofi, madawati yakagongwa, msichana mmoja akapiga vigelegele. Mama Neema, umeshaliona kosa langu kutoka huko uliko. Hawa ni watoto ambao nchi yao ilizaliwa kwa kujitenga na Kaskazini, nami nimewaambia Kusini imeinuka.

"Ustaz, sisi tulishinda?" aliuliza Nyandeng, yule wa dawati la mbele asiyejua kunyamaza.

"Sisi nani?"

"Sisi ya Kusini!"

"Mlishindwa."

Haki ya Mungu nilidhani wataivunja shule. "Haiwezekani!" "Hao ya Kaskazini nani alipatia silaha?" "Ustaz, hiyo mtandao yako iko mbaya, angalia tena!" Wazazi nao wakaguna. Mzee Lado akasema kwa upole uliotisha, "Ustaz, tunalipa karo watoto wafundishwe kushindwa?"

Nikabonyeza ukurasa wa maelezo. Mweupe. Nikabonyeza mwingine. Mweupe, shuka tupu na kiraka chake. Madam Poni akanitazama kama mtu anayetazama Desemba.

Ikabidi niseme kwa mdomo wangu. Nikawaambia kwamba Kusini ya huko ilitaka kujitenga ili iendelee kuwa na watumwa. Watu weusi kama sisi, wakiuzwa sokoni, mama huku, mtoto kule.

Nyandeng alikaa wa kwanza. "Kumbe hao si sisi," alisema polepole. "Sisi ni hao walikuwa nauzwa."

Mzee Lado akasimama. Nilidhani anaondoka. Akasema dada ya bibi yake alikwenda kuteka maji akachukuliwa na wanunuzi waliotoka Kaskazini, na hakuna aliyemwona tena. Kisha akanigeukia. "Hao wa sokoni, ustaz, habari yao nani aliandika? Waliowauza?"

Hapo nikakumbuka simu yangu. Kwenye zile maktaba nilikuwa nimepakua sauti ya mzee mmoja aliyezaliwa mtumwa, wakamrekodi akiwa ameshazeeka sana. Niliichukua kwa sababu ilikuwa nyepesi kushuka. Nikaiweka kwenye spika. Ikakwaruza, ikakohoa, mzee akaanza kusema. Kiingereza chake sikukishika, na sidhani kuna aliyekishika.

"Anasema nini?" Nyandeng akauliza.

"Nyamaza," Mzee Lado akamwambia. "Mzee anaongea."

Tukasikiliza hadi mwisho, sote, bila kuelewa. Mzee Lado alikuwa akitikisa kichwa pale ambapo mtu hutikisa kichwa.

Madam alinipa mkataba siku hiyohiyo. Ningependa kukuambia nilirukaruka. Nilikwenda hotelini, nikakaa kwenye kiti changu, nikasinzia hadi Wanjala akaja kuniuliza Marekani kuna nini leo. Yeye ndiye anayekuletea barua hii, anakwenda likizo. Mpe chai, na usimruhusu akuonyeshe ninavyokaa.

Nisalimie mama, na kama umeshamsomea, sema ng'ombe alitangulia kwa bahati mbaya. Nisalimie ndugu yangu Simiyu anayenilimia shamba, nikijua analima lake kwanza. Na shemeji Nekesa anayemsuka Neema. Neema mwenyewe mkumbatie, umwambie babake sasa ni mwalimu kweli.

Mumeo anayekukumbuka hata mtandao ukikatika,

Baba Neema

N.B. Wazazi wamelipenda somo mno, wakaomba liendelee Desemba nzima, na Madam amekubali. Likizo yangu inaanza Februari.