Asumini ya Mama Hawa

Jumatatu, 8 Septemba
Nimemwagilia nyanya, kisha asumini. Siku ya nne tangu mke wangu ateremke Tanga kumlea binti yetu Hawa, aliyejifungua. Atarudi arobaini ikitimia. Nyumba imenywea. Chai napika mwenyewe, haina ladha.

Asumini ndiyo amana niliyoachiwa. Alikata kipande nyumbani kwa marehemu mama yake, huko Mazinde, kabla nyumba haijauzwa. Kule joto, huku kwetu Lukozi baridi, lakini kikashika. Mwaka wa tatu huu, haijatoa ua hata moja. Mama Hawa ana hakika safari hii itatoa. Hana kingine cha mama yake.

Alhamisi, 11 Septemba
Samadi ndoo nzima. Machipukizi yote ya pembeni nimeyatoa kwa kidole, kama ya nyanya. Shina moja lipate nguvu. Nimelifunga kwenye mti mrefu, linapanda kuelekea paa. Miaka thelathini nalima nyanya, nani anifundishe?

Jumapili, 21 Septemba
Amepiga simu. Kaulizia asumini kwanza, mimi baadaye. Nimejisifu. Nimemsikia mjukuu akilia, nikafurahi mpaka nikasahau kufunga bomba.
Machipukizi yamerudi. Nimeyatoa tena.

Jumamosi, 4 Oktoba
Aibu. Jirani yetu Mama Rehema kapita na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani, kanikuta kazini. Hata salamu hakutoa. "Baba Hawa! Mbona unainyonyoa kama kuku? Maua si yanatoka kwenye hivyo hivyo vitawi!"

Nimetazama mkononi. Kitawi kimoja kilikuwa na vitumba, vidogo kama punje za mchele. Sikuwa nimeviona. Nilidhani naitunza. Sikula mchana.

Jumatatu, 6 Oktoba
Mama Hawa kapiga simu, kauliza kama imechanua. Nimesema bado kidogo. Uongo, na mvi hizi. Akacheka kwa furaha, akaniita Mghoshi, jina lake la kunidekeza. Kicheko kile kimeniuma kuliko matusi.

Ijumaa, 10 Oktoba
Nimetoka msikitini nikampigia, nikamwambia yote. Akasema mtoto analia, akakata.
Sikusikia mtoto akilia.

Jumanne, 14 Oktoba
Anakuja kesho. Sijaigusa asumini siku kumi. Vitawi vinatoka vinavyotaka. Nimefagia ua mara mbili. Naogopa kama bwana harusi.

Alhamisi, 16 Oktoba
Alifika jana alasiri. Hakukaa. Alilishika shina, akalifuata kwa macho hadi juu, akaomba kiti. Nyuma ya mfereji wa paa, mahali bega langu bovu halifiki, kitawi kimoja kilinikimbia. Kina maua matatu. Meupe.

Alinusa. Akasema, "Mama huyu." Akalia pale pale juu ya kiti, nami nimeshikilia miguu ya kiti. Nikasema nisamehe. Akafuta macho kwa kanga, akasema, "Panda na wewe unuse, Mghoshi."
Nimepanda. Miaka mitatu sikujua inanukia hivyo.

Ijumaa, 17 Oktoba
Nimemwagilia nyanya, kisha asumini. Mama Hawa amesimama mlangoni na chai yangu, anavichunga vidole vyangu.