Shamba Kubwa Limechoka na Mwanangu Hajui

Mpendwa mshauri,

Nakuandikia nikiwa kitandani hapa Ruhuwiko, naomba unisaidie kabla pumzi haijakatika. Nilikuwa mwalimu, na shamba langu kubwa nilililima tangu enzi za ruzuku kwa mbolea ya chumvichumvi, ile SA, yaani salfeti ya amonia, mabua nikayachoma, samadi nikaiona kazi ya wasiosoma, na mahindi yalikubali kweli, kisha yakapungua nikaongeza mbolea, yakapungua tena nikaongeza tena, mpaka nilipopeleka udongo kupimwa nikaambiwa umejaa tindikali na SA ndiyo inayoizidisha, nami nikanyamaza. Sasa mwanangu Kajetani amepunguzwa kazi, na kiinua mgongo chake chote anataka kununulia SA kwa ajili ya shamba hilo nililomrithisha mbele ya ukoo, na Jumamosi anakwenda dukani. Ningemwambia, lakini dada yake Adela, aliyeachika na ndiye anayeniuguza, analima kipande cha bondeni nilichompa kwa mdomo tu, miaka yote amekitia samadi na kufukia majani kwenye matuta, nacho kinazaa. Kajetani akijua lake limekufa atakitaka hicho, na ukoo utasema mwanamke harithi ardhi. Jana Adela akininywesha uji aliniuliza, "Baba, ukimwambia, mimi na watoto tutahamia wapi?" Je, nife kimya?

Baba yao, Songea

Shikamoo baba, na pole kwa maradhi.

Huwezi kumlinda binti kwa kumfilisi mwana. Kajetani akivuna hasara msimu mmoja tu, macho yake yatageukia bondeni bila kuambiwa na mtu, na wewe utakuwa kaburini.

Anza na Adela, leo hii. Mwite mwenyekiti wa mtaa na katekista, andika kwamba kipande ni chake, utie saini wakishuhudia. Ndipo umwite Kajetani, kabla ya Jumamosi. Usimwambie udongo umechoka kidogo. Mwambie wewe ndiye uliyeuharibu, na kwamba ulijua. Atakasirika, vumilia, ni haki yake.

Shamba linaweza kupona, ila polepole. SA aiache. Anunue chokaa ya kilimo ya kupunguza tindikali, bwana shamba amwelekeze kiasi. Sehemu apande marejea, ile mbolea ya kijani, na kuifukia ikianza kuchanua, sehemu apande muhogo, unaovumilia udongo wa namna hiyo. Mabua asichome tena. Fedha inayobaki aitunze, maana miaka ya kwanza itakuwa ya njaa.

Unamwogopa mwanao, baba, nawe bado ni mzee wa nyumba. Ukinyamaza, Adela ndiye atakayesimama mbele yake peke yake, na jembe mkononi, bila karatasi.