Nafasi Tupu Kwenye Mstari wa Besi

Yaya Kambale,

Ni mimi Kahindo, mdogo wako, yule uliyesema anaimba kama mtu anayegombana na jirani. Nakuandikia kutoka barazani kwa Mama, hapa Vulamba, mchana kukiwa na jua kali, kwa sababu jambo hili sitaki kuliwaza gizani.

Kwanza habari za nyumbani. Mama anakula vizuri. Amerudi sokoni, na bado anachagua viazi vya Lubero kama mtu anayechagua mkwe. Ila tangu tukuzike, nyumba imejaa sauti ambazo zamani sikuzisikia: bati likilia jua linapotoka, sufuria ikitokota, Mama akipumua chumbani. Wewe ulikuwa unazifunika zote. Ukiomba chumvi tu, vikombe vilitetemeka kabatini.

Nilikutafuta kwenye simu. Ile sauti uliyonitumia kutoka hospitali ya Beni ninayo mpaka leo: "Kahindo, usilie, nitarudia tu kwa mustari yangu." Lakini simu inapitisha maneno na kuacha kifua, yaya. Anayeongea mle ndani ni mwanaume mwembamba anayejua jina langu. Niliisikiliza mara moja nikaogopa kuifungua tena.

Sasa nisikilize vizuri. Unajua desturi ya kwaya yetu: mwimbaji akifa, nafasi yake inaachwa wazi mpaka ndugu zake waseme inatosha, ndipo wenzake wanasogea bega kwa bega na kuifunga. Yako haijafungwa. Mimi ndiye niliyekataa, na watu wa besi bado wanaizunguka kama shimo.

Jumamosi moja ya mazoezi, mvua ilikuwa imekwisha lakini matope yaliwazuia wanaume, tukawa wanawake peke yetu kanisani. Kavira, mke wako, alikuwa kwenye soprano, na mimi pembeni yake kwenye alto. Tulifika mwisho wa ule wimbo ulioutunga wewe mwenyewe, pale ulipotaka tushikilie "amina" mpaka pumzi iishe. Tukashikilia. Na besi ikaingia.

Hapakuwa na mwanaume mle ndani, yaya. Ilikuja chini, nzito, karibu kabisa. Haikutoka mlangoni wala kwenye bati. Ilikuwa kama mtu amesimama nyuma ya sikio langu. Wanawake wakageuka wote pamoja kuangalia nafasi yako, na mama mmoja akaangusha kitabu chake cha nyimbo. Tuliponyamaza, nayo ikanyamaza.

Tangu siku hiyo, tukiimba wanawake peke yetu, ilikuja kila tulipoiita. Ila ilikuwa na masharti. Mimi na Kavira tulipaswa kulingana sawasawa. Nikishuka kidogo tu, inaondoka. Mimi, ambaye miaka yote ulinipigia kelele, "Kahindo, kamata sauti yako, usifuate ya bengine," nikajifunza kuimba kwa usahihi ili nikusikie. Ungecheka mpaka ukohoe.

Mwalimu wa fizikia, yule mtu wa Kasai aliyetumwa na serikali kufundisha hapa, alinihurumia. Anaimba vibaya lakini ana moyo mzuri. Aliniambia: "Hapana roho, Mama Kahindo. Sauti mbili za juu zikikutana vizuri, oreille, sikio yenyewe, inatengeneza ya tatu, ya chini. Iko tu ndani ya kichwa yako." Akatunasa kwenye simu yake ili nihakikishe. Kweli, kwenye simu tulikuwa mimi na Kavira peke yetu. Alidhani amenituliza. Lakini mimi nilitoka pale nimeshika sikio langu, kwa sababu ndani ya kichwa changu ni karibu kuliko kaburini kwako.

Na nilifurahi. Nakuambia wazi, nilifurahi sana. Nilikuwa napika sombe, majani ya muhogo, huku nikingoja Jumamosi.

Halafu Kavira akasema anarudi kwa wazazi wake, Lubero. Nilimfuata mpaka bombani, nikamsihi mbele za watu. Bila yeye nitakusikia wapi? Akatua bidoni yake ya maji, akaniangalia kwa uchovu. "Kahindo, miye sijamusikiaka. Hata siku moja. Naonaka tu sura zenu zikigeuka."

Jumamosi zote zile alikuwa anashikilia ile noti mpaka mishipa ya shingo inasimama, kwa ajili yetu, na yeye, mwenye mume, hasikii kitu. Ndipo nikakumbuka sikio lake la kulia, lile lililoharibika utotoni. Na mimi sikuzote nilisimama kuliani kwake.

Kwenye mazoezi yake ya mwisho nikahamia kushoto. Nilimsogelea mpaka mashavu yetu yakakaribia kugusana. Tukashikilia amina. Niliona inamfikia, yaya, kwa sababu alinikamata kifundo cha mkono kwa nguvu. Nikangoja alie. Hakulia. Aliinamisha kichwa kama mtu anayesikiliza mgeni mlangoni kabla ya kufungua. Kisha akaacha kuimba, akasema polepole:

"Huyu hapana Kambale."

Hakuna aliyecheka. Akarudia, akiniangalia mimi tu: "Bwana yangu namujua. Namujua hata akilala. Huyu hapana yeye."

Kesho yake alipanda lori la kwenda Lubero.

Tangu hapo sina amani. Kavira alikilaza kichwa chake juu ya kifua kile. Mimi nilikusikia kutoka mstari mwingine tu, nikiwa nimeshika kitabu. Kama yeye anasema si wewe, basi nimekuwa namwita nani? Ni nani niliyempa pumzi yangu, akaizoea njia ya sikio langu? Wakati mwingine, sufuria inapoanza kutokota, nahisi kuna anayesubiri nipandishe sauti kidogo tu.

Mwalimu atasema hakuna mtu, ni sikio. Na mimi naanza kukubali, na kukubali huko ndiko kunakoniuma. Maana yake ulifia Beni mzima mzima, hukuacha hata pumzi moja kwenye bati la kanisa letu. Juzi nililia kuliko siku ya mazishi, Mama akadhani nimepokea habari mbaya.

Nafasi ya Kavira sasa ina msichana mwenye sauti kali. Jana tulijaribu wimbo wako, na kabla hatujamaliza kulingana, kitu kilianza kunguruma kati yetu. Nilikohoa makusudi ili tukatize.

Kwa hiyo nakuahidi. Jumamosi nitawaambia watu wa besi kwamba inatosha. Watasogea, na mstari utafungwa. Tukifika kwenye ile amina, wengine wataimba, na mimi nitafunga kinywa.

Lala salama, yaya. Mama anakusalimu. Na kama Kavira alikosea, kama kweli ulikuwa wewe, unisamehe. Utakuja kusimama kwenye amina ukinisubiri, na mimi sitaimba.

Mdogo wako,
Kahindo