Usukani Umekuwa Mzito

Jumatatu, 3 Machi
Usukani umekuwa mzito. Leo nimeshindwa kukata kona ya kuingilia dukani kwangu. Nikarudi nyuma, nikajaribu tena, muuza magazeti kasimama ananitazama. Aibu! Mzee mzima, spoti nyekundu ya milango miwili, halafu nahangaika kama mtu anayejifunza udereva. Ni mafuta ya stelingi tu. Gari lina miaka kumi na saba, na tangu nilipolinunua hayajaguswa.

Mkasi wangu wa kukatia vitambaa umerudi kutoka kwa mnoaji. Bado haukati. Wiki hii kila kitu kimeniamulia.

Jumatano, 5 Machi
Nimefungua boneti. Kichupa cha mafuta ya stelingi kiko pembeni, juu ya pampu. Nikachovya kipande cha bitana nyeupe — kimetoka cheusi! Kinanuka kuungua. Nilifurahi jamani, nikacheka peke yangu. Mafuta yakiwa machafu, basi mgonjwa ni gari.

Niandike tu, hakuna anayesoma humu. Marehemu kaka alianza hivihivi. Alilalamikia kikombe. Akalalamikia kitasa cha mlango, akanunua kitasa kipya! Baadaye daktari akasema ni mishipa ya fahamu, inakufa mmoja baada ya mwingine, na ugonjwa wenyewe unatembea kwenye ukoo. Mwaka wa pili shemeji alikuwa anamlisha kwa kijiko. Mtu aliyekuwa akibeba majora mawili ya kitambaa begani!

Kwa hiyo iwe mafuta. Mungu wangu, iwe mafuta tu.

Ijumaa, 7 Machi
Duka la spea. Rafu nzima ya makopo. Muuzaji akasema nichukue mekundu, yale ya gia za otomatiki, kila mtu anaweka hayo, mafuta ni mafuta. Nikamwambia kifuniko cha kichupa kimeandikwa ya kijani peke yake, yasichanganywe. Akacheka. Eti mzee, unasoma hadi vifuniko? Nasoma ndiyo! Mimi fundi cherehani, sishoni hariri kwa uzi wa gunia. Mekundu yanakula sili za pampu, ile mipira ya kuzuia kuvuja, halafu nani atanisikiliza nikirudi?

Nimechukua ya kijani, lita mbili. Nimeyabeba kwa mkono wa kushoto. Bila sababu.

Jumamosi, 8 Machi
Kwa fundi wa gereji, yule tunayemwita Miwani — miwani yake iko kichwani siku zote, machoni haijawahi kufika. Kazi anaijua, siwezi kusema uongo. Kayavuta ya zamani kwa bomba la sindano, kachomoa mpira wa kurudishia, akaacha yaliyobaki yamwagike kwenye beseni. Meusi tititi. Akajaza ya kijani, akawasha, akazungusha usukani huku na huku. Akasema haya mzee, hata mjukuu wako ataendesha.

Nikaingia mimi. Mzito.

Nikamwambia kuna hewa imebaki. Akasema ingekuwa hewa, pampu ingelia, hii hailii. Nikamwambia anafanya kazi ya kubahatisha, tena kwa sauti, wateja wake wanasikia. Akashusha miwani machoni, kwa mara ya kwanza, akanitazama mkono. Halafu akanifungia mlango taratibu. Bora angenitukana.

Jumapili, 9 Machi
Tulikwenda kwa shemeji, mjane wa kaka. Nikamwachia mama watoto aendeshe, nikasingizia macho. Anakata kona kwa vidole viwili huku ananipa habari za jirani! Nikamuuliza, huuoni mzito? Akasema mzito wapi, baba watoto, acha visa.

Tukanywa chai. Kikombe nilikishika kwa mikono miwili, hata sikujua. Shemeji alijua. Alikuwa anasimulia kitu, akakatiza katikati, akainuka kwenda jikoni. Akakaa huko muda mrefu. Aliporudi hakuwa ameleta chochote, na alikuwa amenawa uso.

Jumanne, 11 Machi
Nimeharibu koti la mteja. Miaka thelathini na moja dukani, sijawahi kukata kola ikaenda upande! Mkasi uligoma katikati ya kitambaa. Si kweli. Vidole viligoma. Nimekunja kile kitambaa, nikakificha chini ya meza kama mwizi.

Mnoaji kapita kuuliza kama mkasi sasa uko sawa. Akaujaribu kwenye nywele za mkono wake, akasema mzee, huu unanyoa. Nimemfukuza. Naye hajanikosea kitu.

Nimekata tamaa. Naandika hivyohivyo, bila kupamba. Nimechoka, na naogopa.

Alhamisi, 13 Machi
Labda lile kopo lilikuwa feki! Siku hizi wanafeki kila kitu. Nimenunua jingine, duka jingine, ya kijani vilevile. Nimempigia binti yangu aje Jumamosi tuyabadilishe upya nyumbani, sisi wawili. Hakuuliza mengi. Aliuliza tu, baba, unakula vizuri?

Jumamosi, 15 Machi
Naandikia ndani ya gari, daftari likiwa gotini. Injini imezimwa. Tumemwaga, tumejaza, sasa tunatoa hewa. Unainua matairi ya mbele kwa jeki, unazungusha usukani mwisho hadi mwisho mara ishirini, mwenzako anaangalia mapovu kwenye kichupa. Mimi nimesema nitaandika hesabu tusije tukapotea.

Binti alizungusha kumi za kwanza. Mkono mmoja, mwingine unajibu simu. Mapovu yakatoka, yakaisha. Mafuta yametulia, safi, kijani cha jani. Akashuka, akasema haya baba, kumi zako.

Matairi yako hewani. Hayagusi barabara, hayagusi kitu. Hapa sina cha kusingizia.

Kumi na moja. Kumi na mbili. Kwa mkono wa kushoto unakwenda wenyewe, laini kabisa. Kumi na tatu.

Boneti iko wazi, simwoni uso. Nasikia sauti tu. Anasema hakuna povu hata moja, baba, gari lako ni zima. Alisema kwa furaha, maskini. Nami nikasema alhamdulillahi.

Kumi na nne.

Kaja dirishani. Amesimama hapa, mikono ina mafuta hadi kwenye viwiko, ananiangalia. Anauliza kwa nini nazungusha kwa mkono mmoja, tena wa kushoto, kuna nini na wa kulia? Huyu alimlisha baba yake mkubwa siku ambazo shemeji alizidiwa. Anajua anachouliza.

Nimemwambia wa kulia una kazi, mwanangu, naandika.

Anatazama mwandiko wangu. Anasema weka kalamu chini, baba. Shika usukani kwa huo, nione