Ukibonyeza Moja

Baba Kipusa wangu,

Sisi wazima. Kipusa ameota jino, ananing'ata huku anacheka.

Nilikwenda kumchukulia cheti cha kuzaliwa. Kumbe siku hizi serikali na kampuni ya simu wanafanya kazi hiyo pamoja kwa kompyuta, hata sielewi nani ni nani. Karani akaniambia, "Dada, baba tumemuuliza kwa ujumbe wa simu kama mtoto ni wake. Amejibu hapana."

Nikamwambia, "Labda kaona jina la kampuni, akadhani ni matangazo."

"Wengi husema hivyo, mama."

Lakini wewe ndivyo ulivyodhani, sivyo? Mbona simu zangu hupokei?

Mwisho wa mwezi watakuuliza tena, mara ya mwisho. Ukibonyeza moja, ni ndiyo. Masikio ya Kipusa ni yako kabisa.

Bado ni wako,
Mama Kipusa